Bibi Florence Nightingale na Miaka Yake 14 ya Kujitayarisha

Huku Hanga katika nchi ya Songea twaona jambo moja likirudi mara kwa mara. Barua ikifika ya kwamba binti au kijana amepokewa katika shule ya wauguzi, kama ile ya Peramiho, nyumba yote huingia katika shughuli. Mama hutafuta sanduku na kanga, baba huhesabu fedha za ada na za nauli, shangazi hukaanga karanga za njiani, na wadogo hushindania kulibeba sanduku mpaka barabarani. Hayo yote ni mema, wala hatuyakatazi. Lakini sanduku likiisha kufunguliwa huko shuleni, hubaki jambo ambalo halikufungwa ndani yake, ndilo hili: je, mtu mwenyewe amejitayarisha?

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya Bibi Florence Nightingale. Wengi mmelisikia jina lake, na picha yake mmeiona, ameshika taa kati ya vitanda vya askari. Lakini si wengi wajuao ya kuwa alingoja miaka 14 kabla ya kuiona siku yake ya kwanza ya kujifunza uuguzi, na ya kuwa siku ile aliiona katika nyumba ya mchungaji wa Kiinjili, huko Ujerumani.

Florence alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence, nchi ya Italia, wazazi wake Waingereza walipokuwa safarini. Nao wakampa jina la mji ule. Walikuwa watu wa mali nyingi, wenye nyumba mbili kubwa katika Uingereza. Baba yake mwenyewe alimfundisha Kilatini, Kiyunani na historia, elimu ambayo wasichana wengi wa siku zile hawakuipata. Hata tarehe 7 Februari, 1837, alipokuwa na umri wa miaka 16, aliamini moyoni kwamba Mungu amemwita kwa utumishi wake. Kwamba utumishi huo ni upi, hakujua. Ikampasa kungoja, naye hakukaa bure katika kungoja kwake.

Alianza na yaliyokuwa karibu. Aliwaendea maskini na wagonjwa wa kijiji cha Wellow, jirani na nyumba yao. Mwaka 1845 alimwuguza bibi yake, mama wa baba yake, na tena yaya mzee aliyemlea tangu utoto. Hapo ndipo alipotambua neno ambalo watu wengi hawakulitambua: huruma peke yake haimponyi mgonjwa. Mwenye kuuguza hana budi kufundishwa, kama vile fundi wa seremala afundishwavyo.

Basi mwaka ule ule akawaomba wazazi wake ruhusa ya kwenda kujifunza katika hospitali ya Salisbury miezi michache. Mama yake akaogopa sana, na dada yake akalia. Tusiwalaumu upesi, maana hospitali za siku zile zilikuwa mahali pa uvundo na msongamano, na wauguzi wengi walijulikana kwa ulevi na mwenendo mbaya. Kwa mzazi mwenye heshima, kumpeleka binti yake huko kulikuwa kama kumtupa. Florence akanyimwa ruhusa, akahuzunika mno.

Waswahili wana methali ya kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Florence aliinama. Kila siku aliamka kabla ya mapambazuko, akajifunika shali, akawasha taa, akasoma taarifa za hospitali na za afya ya watu, akiandika hesabu zake daftari baada ya daftari. Kengele ya chakula cha asubuhi ilipolia, alishuka kuketi na jamaa yake kama binti mwingine yeyote. Mwaka 1846 Bwana Bunsen, balozi wa Prussia mjini London, alimletea kitabu cha habari za mwaka za Kaiserswerth. Naye alipokisoma akajua kwamba shule aitakayo ipo. Mwaka 1849 akakataa kuolewa na Bwana Richard Monckton Milnes, ambaye alimpenda na kumngojea miaka mingi. Naye Florence alimpenda, lakini aliona maisha ya karamu na wageni yangeuzima wito wake.

Sasa yatupasa kueleza mahali hapo palikuwaje. Siku zile Kaiserswerth ulikuwa mji mdogo kando ya mto Rhine, karibu na Düsseldorf. Mchungaji wake, Theodor Fliedner, pamoja na mkewe Friederike, walianza mwaka 1833 kwa kumhifadhi mwanamke mmoja aliyetoka gerezani, katika kibanda cha bustani yao. Mwaka 1836 wakafungua hospitali na nyumba ya madiakonisa, na wa kwanza kuingia alikuwa Gertrud Reichardt, binti wa mganga. Siku zile Kanisa la Kiinjili lilikuwa limesahau karibu kabisa kwamba katika Kanisa la kwanza wanawake nao walikuwa na utumishi wao, kama Fibi wa Kenkrea. Kutoka kibanda kile kazi ikakua. Florence alipofika palikuwa na hospitali ya vitanda kama 100, nyumba ya mayatima, shule ya watoto wadogo, shule ya kuwafundisha walimu wa kike, na madiakonisa zaidi ya 100. Na mwaka 1851 Fliedner mwenyewe aliwachukua madiakonisa wanne mpaka Yerusalemu, waanze kazi huko.

Mara ya kwanza Florence alifika pale tarehe 31 Julai, 1850, alipokuwa akirudi kutoka Misri na Uyunani pamoja na rafiki zake. Akakaa majuma mawili tu kama mgeni, akaondoka na furaha kubwa. Nyumbani furaha ile ilipokewa kwa hasira, na miezi sita ikampasa kukaa akimhudumia dada yake. Mwaka uliofuata mama na dada walisafiri kwenda kwenye maji ya dawa ya Carlsbad, ndipo Florence akaruhusiwa kwenda Kaiserswerth, kwa sharti kwamba watu wa nje wasijue. Usiku wa kuamkia safari kukatokea ugomvi mkali baina yake na dada yake, hata Florence akazimia.

Basi, wapenzi, angalieni jinsi alivyokwenda kwenye siku yake ya kwanza: bila karamu wala baraka za nyumbani, akiwa na umri wa miaka 31, binti wa tajiri. Mwezi wa Julai, 1851, akapewa chumba katika nyumba ya mayatima. Kama kila aingiaye, alitakiwa kumwandikia mchungaji habari za maisha yake. Aliamka saa kumi na moja alfajiri. Chakula kilikuwa mara nne kwa siku, na kila mara dakika kumi tu. Aliwalisha wagonjwa, akawaosha, akafunga vidonda, akakesha na wanaokufa, akasimama karibu na mganga alipomkata mgonjwa kiungo. Akamwandikia mama yake kwamba ana afya na furaha, akimsihi amwamini na kumbariki. Baraka ile haikuja.

Baadaye, katika uzee wake, Florence alieleza pasipo kuficha kwamba maarifa ya uuguzi pale yalikuwa haba, na usafi haukutosha. Lakini kujitoa kwa moyo safi kama kule hakukuona mahali pengine. Nasi twaona neno hili lina maana kwa shule zetu pia. Moyo bila maarifa humwacha mgonjwa katika uchafu, na maarifa bila moyo humwacha peke yake.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nasi tutayapita upesi. Mwaka 1853 baba yake akamkubalia pauni 500 kila mwaka, naye akapewa kuisimamia hospitali ndogo ya wanawake London. Mwezi wa Novemba, 1854, akafika Scutari, katika Uturuki, na wauguzi 38, kuwauguza askari wa vita vya Krimea. Maradhi yaliwaua askari wengi kuliko silaha, na vifo vilipungua sana baada ya mifereji ya uchafu kusafishwa mwaka 1855. Vita vilipokwisha alizipanga hesabu za wafu hata wakuu wa serikali wakaona wazi kosa lilikuwa wapi. Yale madaftari ya alfajiri hayakuwa bure.

Mwaka 1860 ikafunguliwa shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, kwa fedha walizochanga watu kwa heshima yake. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15. Kila mmoja alileta ushuhuda wa mwenendo mwema, akafundishwa mwaka mmoja, na msimamizi wao, Bibi Wardroper, aliandika habari za kila mwanafunzi: kama ni mwaminifu, mtulivu, msafi, mwenye kushika saa. Kutoka shule ile desturi ya kuwafundisha wauguzi ikaenea mbali. Hata katika Afrika ya Mashariki, Bibi Katharine Cook, mwuguzi aliyefika Mengo, Uganda, mwaka 1897, alianzisha huko shule ya wakunga baada ya Vita Vikuu vya kwanza.

Florence Nightingale alifariki London tarehe 13 Agosti, 1910, mwenye miaka 90. Akazikwa karibu na kijiji kile kile cha Wellow, alikoanza kuwaendea wagonjwa, na juu ya kaburi zikaandikwa herufi mbili tu za jina lake.

Basi ninyi wazazi, na ninyi walimu wa makanisa, mtoto akitaka kuwa mwuguzi, msingoje barua ifike. Mpelekeni leo kwa nyanya aliye mgonjwa, amchotee maji, amgeuze kitandani, aoshe vyombo vyake pasipo kukunja uso. Mzoezeni kuamka mapema, kushika hesabu, kusoma kidogo kila siku, kutunza siri ya nyumba ya mwenziwe. Na siku ya safari ikifika, likiisha kufungwa sanduku, kusanyikeni mwombe, na mama amwekee mwanawe mkono kichwani. Florence alivipata vyote vingine kwa juhudi, ila baraka hiyo hakuipata asubuhi ile. Watoto wetu wa Hanga wasiikose.