Krishnadevaraya na Macho ya Mbuzi

Ukitaja wafalme wa India hapa chuoni, wengi watakujibu Akbar, basi. Mimi wangu ni wa kusini: Krishnadevaraya wa Vijayanagara, aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1529. Mji wake mkuu ulikuwa kando ya mto Tungabhadra, pale panapoitwa Hampi siku hizi. Mreno Domingo Paes aliyeutembelea aliulinganisha na Roma. Mfalme mwenyewe alimwona wa kimo cha kawaida, uso una makovu ya ndui, na kila alfajiri anafanya mazoezi.

Kiti hakukipata kirahisi. Fernão Nunes, mfanyabiashara wa farasi, anasimulia kwamba mfalme aliyetangulia, kaka yake, alipokaribia kufa aliagiza mdogo wake atobolewe macho ili mwanawe arithi. Waziri Timmarusu akamficha kijana, akampelekea mgonjwa macho ya mbuzi. Mgonjwa akaamini, akafa, kijana akatawazwa.

Na alitawala kweli. Mwaka 1520 alimshinda Ismail Adil Shah wa Bijapur pale Raichur. Farasi wa vita alinunua kwa Wareno, haohao waliopora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Kwake walikuja na adabu, maana alikuwa mteja mkubwa. Ila kinachonivuta mimi, mwalimu mtarajiwa, ni kalamu yake. Alitunga utenzi mrefu wa Kitelugu, Amuktamalyada, na ndani yake mna mafunzo ya namna ya kutawala. Barazani aliwakusanya washairi, Allasani Peddana akiwa mbele yao. Viongozi wetu wangapi wametunga hata beti nne?

Sasa njoo kwenye lile linaloninyima raha. Nunes anasema mfalme alimpa mwanawe utawala angali mtoto mdogo, mtoto akafa, ikadaiwa amelishwa sumu na mtoto wa Timmarusu. Mfalme akaamuru mzee atobolewe macho. Yaani mzee yuleyule! Wapo wanaomtetea, eti uchungu wa mzazi. Mimi sikubali. Aliyejua thamani ya macho kuliko wote pale barazani ni yeye.

Alikufa 1529, mdogo wake Achyuta akarithi. Mwaka 1565, baada ya vita vya Talikota, mji ukabomolewa. Sanamu yake bado ipo kwenye hekalu la Tirumala, amesimama katikati ya wake zake wawili, viganja vimekutana kifuani.