Speke Nyumbani kwa Rumanyika

John Hanning Speke, afisa wa jeshi la Kiingereza, alizaliwa mwaka 1827. Mwezi wa Novemba 1861, akiitafuta asili ya Mto Nile, aliingia Karagwe, akapokewa kwa heshima na Mfalme Rumanyika, aliyemsimulia habari za baba zake na vita vyake na nduguye Rogero. Speke aliondoka Januari 1862. Mwenzake Grant, mgonjwa wa mguu, alitunzwa pale miezi mitatu zaidi.

Kitabu cha Speke, kilichotoka mwaka 1863, kilimsifu sana mwenyeji huyo. Lakini wema wake kilidai watoka katika damu ya wageni wa Uhabeshi. Ushahidi mmojawapo ulikuwa sura za watu. (Ndiye huyu aliyempima unene mwanamke wa jamaa ya mfalme!) Dhana hiyo ilifundishwa baadaye hata katika shule za misheni, twakiri, ikawagawa ndugu katika nchi jirani ya Rwanda.

Speke hakuyaona hayo. Bunduki yake mwenyewe ilimwua tarehe 15 Septemba 1864. Rumanyika alikuwa angali akitawala. Hata mwaka 1876 alimpokea mgeni mwingine mwenye kalamu, Stanley, kwa ukarimu ule ule.