MVUTA BANGI ALIYEVUKA MPAKA

Kijana, usiitupe karatasi hii. Hata kama hujakanyaga kanisani tangu uzaliwe, hata kama umeipokea ili tu yule dada aliyekupa asikusumbue, soma. Hii si hadithi ya malaika. Ni habari za mtu aliyezaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina wanalopewa mapacha wa kiume, yule anayetangulia kutoka.

Waswa alikulia wakati mbaya. Mwaka 1888 Buganda iliwaka moto. Kabaka Mwanga alipinduliwa, halafu waliompindua wakageukiana wenyewe kwa wenyewe, dini na dini, kila kundi na bunduki zake. Na vita ikishaanza wanaobebeshwa bunduki ni vijana, siku zile kama siku hizi. Waswa akawa askari upande mmoja, baadaye akahamia upande mwingine. Pombe alikunywa. Bangi alivuta. Unamjua kijana wa namna hiyo, pengine mnakaa naye kijiweni kila jioni. Pengine ni wewe mwenyewe.

Lakini kuna neno lilikuwa limeshamwingia. Mskochi mmoja, Alexander Mackay, fundi wa mikono aliyekuwa akichapisha Injili kwa Kiganda, alifundisha watu pale Buganda, na Waswa alimsikia. Hakuokoka siku ile. Wengine wetu tunapenda kusimulia wokovu kama taa ya umeme, unabonyeza tu inawaka. Kwa huyu ilichukua miaka. Neno lilikaa kimya ndani yake huku yeye anapigana, analewa, anazunguka. Januari 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akabatizwa na kuchukua jina la Apolo. Ile bangi akaiacha.

Watu wakampa jina la utani: Kivebulaya. Kwa Kiganda ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti la kizungu alilopenda kulivaa juu ya kanzu yake. Mtanashati kidogo, eh! Jina likamng'ang'ania mpaka kaburini, na hadi leo ndilo anajulikana nalo.

Mwaka uleule wa 1895 akapelekwa Toro kufundisha. Huko akasikia habari za Boga. Boga iko ng'ambo ya mto Semliki, pale nchi ya majani inapokaribia kuisha na msitu mkubwa wa Ituri unaanza. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kwenda kule. Wakarudi. Si kwa hofu ya simba, ni njaa. Chifu wa Boga, Tabaro, hakutaka walishwe, na watu walimtii chifu wao. Ungepewa wewe hiyo kazi ungesemaje? Apolo alisema naenda. Desemba 1896 akashika njia, akapita pembeni ya milima ya Ruwenzori, akavuka bonde la Semliki lenye nyati na simba, akaingia Boga. Alikuwa na Neno, na alikuwa na jembe.

Hilo jembe usilipite haraka. Wenzake walishindwa kwa sababu chakula chao kilikuwa mkononi mwa chifu. Apolo akalima mwenyewe. Akapanda, akavuna, akala jasho lake, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumfukuza kwa njaa. Familia za pale, watu wa ng'ombe na vijishamba, wakamwona mhubiri mwenye matope miguuni kama wao. Wakaanza kuja kujifunza kusoma. Mmoja, wawili, kibanda kikajaa.

Tabaro akakasirika. Apolo alikuwa anasema wazi juu ya ulevi na wake wengi, tena kwa mtu mwenye wake wengi na mitungi ya pombe ndani ya boma lake! Naweza kusema alikuwa mgumu wa shingo, labda angeanza polepole. Hakuanza polepole. Akachapwa na watu wa chifu vibaya sana, wakamwacha wakidhani kazi imekwisha. Akapona. Akaendelea.

Halafu likatokea jambo baya kuliko fimbo. Dada yake chifu aliangukia mkuki wa Apolo uliokuwa umefichwa na majani, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini mtu amekufa, mkuki ni wa mgeni, na mgeni mwenyewe ni adui wa chifu. Tabaro akamshtaki kuwa ni muuaji. Wakamfunga, wakamrudisha Toro, akatupwa gerezani Fort Portal.

Jamani, mfikirie mtu huyu. Ameacha kwao. Amelima, amepigwa, amevumilia. Sasa yuko ndani kwa kosa la damu, na kweli mwanamke yule amekufa, hakuna anayeweza kulifuta hilo. Hapo ndipo wengi wetu tunasema basi, hii njia haina faida, bora nirudi kwa washkaji. Pale gerezani Apolo alimwona Yesu. Yeye mwenyewe alisimulia hivyo maisha yake yote: Bwana alisimama karibu naye, aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Hakumwambia kesi itakwisha lini. Hakumfungua mlango. Ni hilo tu, na Apolo aliona linatosha.

Baadaye akaachiliwa. Angeweza kupumzika Toro, na hakuna ambaye angemlaumu. Akarudi Boga, kwa Tabaro yuleyule, ambako ndugu za marehemu bado wanalia.

Na Tabaro, yule aliyemnyima chakula, aliyempiga, aliyemfunga, akashindwa kumwelewa mtu huyu. Anayerudi mahali alipopigwa anataka nini? Akamwita. Akamsikiliza. Mwishowe chifu mwenyewe akabatizwa. Haya si maneno ya kupamba mkutano wa Injili, ni habari inayojulikana Toro na Kongo nzima ya mashariki.

Apolo akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Kazi ikakua pande zote mbili za Semliki. Kisha wakubwa wa Ulaya wakakaa Brussels mwaka 1910 na ramani yao, wakapanga mpaka upya. Boga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Hebu fikiria, unalala na dada yako ameolewa ng'ambo ya mto, unaamka unaambiwa yule yuko nchi nyingine! Apolo alikuwa upande wa Uganda, na kwa miaka kadhaa waumini wa Boga walibaki bila mchungaji wao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ndipo aliporudi kukaa nao, na hakuhama tena.

Hakuoa. Mshahara wake ulikuwa mdogo na hata huo aliugawa. Mwaka 1922 akapewa cheo cha kanoni wa Namirembe, heshima kubwa, angeweza kukaa Kampala akapumzisha magoti. Wapi! Kuanzia 1921, mzee wa miaka zaidi ya hamsini, alikuwa ameanza kuingia ndani ya msitu wa Ituri kwa miguu, kuwatafuta Wambuti. Hawa ndio watu wafupi waliozoea kuitwa mbilikimo kwa dharau. Walikuwa wanaishi kwa kuwinda, wanalala kwenye vibanda vya majani, wanabadilishana nyama kwa ndizi na wakulima, na wako wakulima waliowahesabu kama mali yao. Apolo aliketi nao chini, akala walichokula, akajifunza lugha yao. Akaanza kuwafasiria Injili ya Marko, ili Yesu awafikie kwa maneno ya nyumbani kwao.

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea kwao alikotoka, na kwao Apolo ni Buganda, mashariki. Yeye alikataa mapema, akiwa bado na pumzi. Akaagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako bado kulikuwa na watu hawajasikia. Wakamzika hivyo.