Chet Atkins, fundi wa gitaa aliyekaa nyuma ya sauti ya Jim Reeves

Hapa Pwani Jim Reeves hahitaji kutambulishwa. Redio zetu zimempiga miaka na miaka, na hata asiyejua neno la Kiingereza humtambua mara ile sauti nzito inapoanza. Skeeter Davis naye ni vivyo hivyo. Lakini uliza barazani ni nani aliyekuwa studioni akiamua piano iingie wapi, kwaya inyamaze wapi na mwimbaji aisogelee maikrofoni kiasi gani. Utajibiwa kwa kimya. Mtu huyo alikuwa Chet Atkins, na juu ya kazi hiyo alikuwa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa waliopata kutokea Marekani. Mimi nimemjua nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, na tangu hapo muziki wa kantri nausikiliza kwa sikio jengine.

Leo basi, ndugu msomaji, niruhusu nikusimulie maisha yake. Najua wapo kati yetu wasioziafiki ala za nyuzi, na masheikh wetu wameshalijadili hilo kwa urefu. Mimi sina fatwa ya kutoa. Ninachosimulia ni habari ya mja na kazi ya mikono yake.

Chester Burton Atkins alizaliwa tarehe 20 Juni 1924 huko Luttrell, kijiji cha milimani katika jimbo la Tennessee. Babake alikuwa mwalimu wa muziki, lakini wazazi waliachana mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, akabaki kulelewa na mamake katika hali ya ufukara. Gitaa lake la kwanza alilipata akiwa na miaka 9. Alimpa kaka yake Lowell bastola kuukuu, na juu yake akakubali kumfanyia kazi zake za nyumbani. Gitaa lenyewe lilikuwa kweche. Shingo ilikuwa imepinda hata nyuzi zikawa zinabonyezeka sehemu ya mwanzo tu, na pale juu palipofaa kuwa na kigingi cha kuzishikilia nyuzi palikuwa na msumari.

Mtoto huyo alikuwa na pumu, tena pumu kali. Kwa sababu ya maradhi hayo alipelekwa kuishi na babake katika jimbo la Georgia, ikitarajiwa kuwa hali ya hewa ya huko itamfaa. Usiku hakuweza kulala chali kama watu wengine. Alikuwa akilala ameketi kwenye kiti ili pumzi ipite. Na kwa kuwa usingizi ulichelewa, alikuwa akipakata gitaa na kupiga mpaka macho yafumbe lenyewe likiwa mikononi. Mazoea hayo hayakumtoka maisha yake yote. Shuleni akafanya mazoezi chooni, kwa kuwa mwangwi wa kuta ulimpendeza. Alipokuja kupata gitaa la umeme, kwao hapakuwa na stima, ikambidi alibebe maili nyingi kutafuta mahali pa kulichomeka.

Sasa lipo jambo moja lililomfanya awe Chet Atkins. Mwaka wa 1939, kupitia kituo cha redio cha WLW cha Cincinnati, alimsikia Merle Travis akipiga gitaa. Travis alikuwa akipiga besi na wimbo kwa pamoja, mtu mmoja kwa gitaa moja. Chet hakuwa na picha wala video ya kutazama. Alikuwa na masikio tu. Akaketi akafikiri mkono ule unafanya nini, akaona hapana budi gumba linashika besi huku vidole viwili au vitatu vikichezesha wimbo. Akajifunza hivyo hivyo usiku na mchana.

Kumbe Travis alikuwa akitumia gumba na kidole cha shahada tu. Yule kijana, kwa kutoona, akawa amebuni njia yake mwenyewe, yenye nafasi zaidi kuliko ile aliyoisikia. Kidole cha kati na cha pete vilimpa sauti ambazo Travis hakuwa nazo. Vitabu vya gitaa sasa vinaitaja njia hiyo kwa jina lake.

Ufundi wenyewe haukuanzia kwa Travis. Yeye aliupata Kentucky, nchi ya wachimba makaa ya mawe, kwa watu kama Mose Rager. Wanahistoria wa muziki wanaufuata nyuma zaidi mpaka kwa Arnold Shultz, kibarua mweusi aliyekuwa akizunguka na gitaa lake katika vijiji vya Kentucky na akafariki mwaka wa 1931. Shultz hakuacha santuri hata moja. Ujuzi wake ulipita kwenye vidole vya watu wengine mpaka ukafika redioni, na kutoka redioni ukamfikia kijana wa pumu kule Georgia.

Na sisi wasema Kiswahili tusidhani jambo hili ni geni kwetu. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 akipiga Masanga, alikuwa akitumia gumba na kidole cha shahada, na ukimsikiliza utaapa ni watu wawili. Mwenye kumpenda Bosco hana kazi kubwa ya kumwelewa Atkins.

Mwaka wa 1942 Chet aliacha shule akaenda kufanya kazi katika redio ya WNOX ya Knoxville. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika. Alikuwa mtu wa haya, mwenye maneno machache, na upigaji wake haukuingia kwenye sanduku lolote. Huku na huku alifutwa kazi. Kituo cha KWTO cha Springfield, Missouri, kilimwachisha kwa sababu upigaji wake haukuwa wa kikantri vya kutosha. Fikiria hilo: mtu aliyekuja kuuongoza muziki wa kantri alifukuzwa kwa kuwa hausikiki mikononi mwake. Alikuwa ameshaonja jazi na muziki wa kizungu wa zamani, na hakuona sababu ya kuvifungia nje.

Kampuni ya RCA ilimchukua mwaka wa 1947 kupitia Steve Sholes. Mwaka wa 1950 alihamia Nashville pamoja na Maybelle Carter na mabinti zake, akiwapigia gitaa. Hapo akawa mtu wa kuitwa studioni. Januari 1956, Elvis Presley aliporekodi Heartbreak Hotel, Chet alikuwamo chumbani na gitaa lake. Mwaka wa 1957 Sholes akamkabidhi shughuli zote za RCA za Nashville.

Wakati huo kantri ilikuwa taabani. Vijana walikuwa wamehamia kwa roki, na santuri za kantri zimelala madukani. Atkins, sambamba na Owen Bradley wa kampuni ya pili, alipunguza fidla na gitaa la chuma, akaingiza piano laini, waimbaji wa kuitikia na nyuzi za okestra. Jim Reeves, kabla ya hapo, alikuwa akiimba kwa kupaza sauti kama wenziwe. Kwenye Four Walls ya mwaka wa 1957 akaishusha sauti na kuisogelea maikrofoni midomo karibu iiguse. Wapo katika kampuni waliopinga, Chet akasimama naye. Miaka miwili baadaye wakarekodi He'll Have to Go, na hiyo ndiyo sauti iliyovuka bahari ikatufikia. The End of the World ya Skeeter Davis, ya mwaka wa 1962, pia ilipita mikononi mwake.

Yapo mengine aliyoyafanya ambayo si ya santuri peke yake. Mwaka wa 1965 alimsajili Charley Pride, mtu mweusi, wakati ambapo Marekani ilikuwa bado inapigania haki za watu weusi na kantri ilihesabiwa kuwa muziki wa wazungu. Alipopeleka kanda kwa wakubwa wa RCA, aliwasikilizisha kwanza sauti. Walipokwisha kuipenda ndipo akawaonyesha picha ya mwimbaji. Pride akaja kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa santuri katika kampuni ile. Mtu aliyejifunza ufundi wake kwa kumsikia asiyemwona alijua vyema thamani ya sikio lisilotanguliwa na jicho.

Katikati ya kazi zote hizo, gitaa lake mwenyewe lilikuwa likipata muda uliobaki. Hata hivyo alirekodi albamu kwa makumi. Ukitaka kuanza, nakushauri uanze na Yankee Doodle Dixie. Hizo ni nyimbo mbili, moja ya watu wa Kaskazini na moja ya Kusini, pande zilizouana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Atkins anazipiga zote mbili kwa wakati mmoja, kwa gitaa moja, moja juu na moja chini, wala hakuna inayomkanyaga mwenziwe. Mimi niliurudia mara kadhaa nikifuata sauti ya chini peke yake, kisha ya juu peke yake, kabla sijaweza kuzifuata zote. Halafu tafuta picha zake akipiga. Mwili umetulia, uso hauna makeke, ni vidole tu vinavyofanya kazi. Ujanani pengine ningempita, kwa kuwa kijana hutafuta mpigaji anayeruka jukwaani. Utulivu ule unahitaji mtu aliyekwisha kuona kazi nyingi, ajue ugumu wa kitu kinachofanywa kionekane chepesi.

Hakuwa mtu wa kujigamba. Akiulizwa ile sauti ya Nashville ni kitu gani hasa, huingiza mkono mfukoni akachezesha sarafu zilie. Ulikuwa mzaha, lakini na ukweli umo. Uzeeni alijuta hadharani kwamba yeye na wenziwe waliisukuma kantri mbali mno na asili yake kwa kutafuta soko. Ni watu wachache wenye vyeo wanaoweza kuutazama ushindi wao wakaona kilichopotea ndani yake. Yeye aliliona hilo akalisema.

Mwaka wa 1973 aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri, akiwa mdogo kuliko wote waliowahi kuingizwa hadi wakati huo. Mwaka huo huo aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo. Alipona, na akazidi kuelekea kwenye gitaa. Aliiacha RCA mwaka wa 1982 baada ya miaka 35, kwa kuwa alitaka kupiga alichokipenda. Kwa jumla alipata tuzo 14 za Grammy. Lakini cheo alichokipenda alijipa mwenyewe kwa utani: herufi C.G.P., yaani mpiga gitaa aliyethibitishwa. Katika uhai wake aliwapa wapigaji wanne tu: Jerry Reed, John Knowles, Steve Wariner na Tommy Emmanuel. Kila mmoja katika hao anajulikana kwa mkono wake, si kwa kumwiga Chet.

Saratani ilirudi, safari hii kichwani. Alifariki nyumbani kwake Nashville tarehe 30 Juni 2001, siku 10 baada ya kutimiza miaka 77.

Sasa, kwa nini niwaletee habari za mtu wa Tennessee katika safu ya Pwani? Kwa sababu ya makabati yetu. Humo mna kanda za taarabu za harusi za miaka ya 60, 70 na 80. Juu ya kasha limeandikwa jina la mwimbaji, basi. Nani alipiga udi? Nani alikuwa kwenye fidla, nani kwenye akodioni, nani alishika tabla? Mabwana na mabibi waliocheza usiku kucha katika harusi hizo walikuwa wakiwajua kwa majina na kwa mitaa yao. Wengi katika wapigaji hao wameshatangulia mbele ya haki, na waliobaki ni wazee ambao kila mwezi tunasikia mmoja wao amezikwa.

Atkins alikaa nyuma ya sauti za wengine, lakini kwao wameandika: siku gani ilirekodiwa, chumba gani, nani kwenye besi, nani kwenye piano. Ndiyo maana mimi, mtu wa mbali asiyewahi kuikanyaga nchi yao, naweza kumjua na kumpa haki yake miaka zaidi ya ishirini baada ya kufa. Arnold Shultz hakubahatika hivyo. Kwake yamebaki masimulizi ya waliomsikia tu, na wao wameshakwisha.

Wapigaji wetu bado wako kati ya hali hizo mbili. Mwenye kanda nyumbani na aichukue, aende nayo kwa mzee anayeweza kumtambua mpigaji kwa mkono wake, waisikilize pamoja. Kisha achukue kalamu aandike majina ndani ya kasha. Ni kazi ya jioni moja, na haihitaji mfadhili wala warsha. Tukiichelewesha, kanda zitabaki na wa kuwauliza hatutawapata.