LOUIS PASTEUR NA KICHAA CHA MBWA

Wanafunzi wenzangu, jina la Pasteur tunalisikia katika somo la biolojia, kiisha tunalisahau. Bwana huyu hakuwa munganga. Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 kule Dole, Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, na yeye mwenyewe alisomea kemia.

Mwaka wa 1831, Louis akiwa na miaka 8, mbwa-mwitu mwenye kichaa aliuma watu karibu na Arbois, mji waliokaa. Walipelekwa kwa mfua chuma, vidonda vikachomwa kwa chuma cha moto. Hiyo njo ilikuwa dawa ya wakati ule, na wengine walikufa hata hivyo.

Alizika mabinti watatu wangali wadogo. Mwaka wa 1868 alipooza upande wa kushoto, lakini kazi hakuiacha.

Kijidudu cha kichaa hakikuonekana katika mikroskopu za siku zile. Basi Pasteur na mwenzake Émile Roux walichukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa, wakaukausha siku nyingi ndani ya chupa mpaka sumu yake ikalegea. Wa kwanza kuchanjwa walikuwa mbwa. Walipona.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja alimleta mtoto wake Joseph Meister, miaka 9, aliyeumwa na mbwa siku mbili mbele. Kumwacha ni kifo. Kumchanja, dawa ikikosa, watu watasema Pasteur ameua mtoto. Munganga Grancher alipiga sindano, maana Pasteur hakuwa na ruhusa. Mara 13 kwa siku chache, na Pasteur usiku halali. Mtoto akapona. Ila msichana Louise Pelletier, aliyeletwa siku 37 kiisha kuumwa, alikufa mwaka ule ule. Kuchelewa njo kulimwua.

Watu wanasifu sindano ya Meister, wanasahau mbwa wa kwanza. Kwangu hao njo somo kubwa: leo karibu watu 99 kati ya 100 wanaopata kichaa wameumwa na mbwa, na mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Mbwa wa lupango lenu, hapa Manika au Dilala, anachanjwa akiwa na miezi mitatu, kiisha anarudishwa kwa munganga wa nyama kila mwaka. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, uende hospitali siku ile ile.

Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895. Meister alikua, akawa mlinzi wa Institut Pasteur kule Paris mpaka mwaka wa 1940.