Nyanya Aliyemfundisha Fanny Crosby Kuona



Katika yubilii hii tumewataja waliotulea kwenye kwaya: waliotushika mkono tukiwa hatujui alto ni nini wala bezi ni nini. Ukurasa huu tumemwekea mama mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, ingawa tunaimba maneno yake karibu kila mwezi. Ukiimba Usinipite Mwokozi, au Ndiyo Dhamana, unaimba tenzi za Fanny Crosby wa Marekani. Wengi wanajua kwamba alikuwa kipofu. Wachache wanajua ni nani waliomfanya akawa Fanny Crosby, na hao ndio tunaotaka kuwasimulia.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika kijiji cha Southeast, jimbo la New York. Akiwa na wiki kama sita macho yake yaliwasha na kuvimba. Daktari wa kawaida hakuwepo, akaja mtu mwingine aliyejiita daktari, akaagiza mtoto abandikwe dawa ya moto ya haradali machoni. Familia iliamini mpaka mwisho kwamba dawa hiyo ndiyo iliyompofusha. Novemba ya mwaka huohuo baba yake, John, akafariki. Mama yake, Mercy, alikuwa na miaka 21 tu. Alijifunga mkaja akaenda kuajiriwa kazi za nyumbani kwa watu, na mtoto akabaki na nyanya, mama yake Mercy, aliyeitwa Eunice.

Nyanya Eunice angeweza kumkalisha mtoto pembeni na kumhurumia. Ndivyo wengi walivyofanya wakati ule kwa mtoto kipofu, na tusijidanganye, hata vijijini kwetu wako wanaofichwa hivyo hadi leo. Yeye aliamua kuwa macho ya mjukuu wake. Alimtoa nje, akamfundisha kuwatambua ndege kwa sauti zao. Akampa maua ayaguse na kuyanusa mpaka alijue kila moja. Akampa majani ya miti ayapapase kingo zake ajue huu ni mti gani. Jua lilipokuwa likitua alimweleza rangi za mbingu polepole, rangi moja baada ya nyingine. Jioni alimsomea Biblia na kumfundisha kuomba. Mtoto huyo alikua akipanda miti na kuruka nyua kama watoto wengine, na baadaye utunzi wake ulijaa mwanga, vilima na mito ambayo hakuwahi kuiona.

Alipokuwa na miaka kama mitano, majirani walichanga pesa ili apelekwe mjini New York kwa daktari bingwa Valentine Mott. Mama na mtoto walisafiri kwa gari la farasi, kisha kwa mashua katika mto Hudson. Daktari alimpima, akasema hakuna la kufanya. Mercy alirudi nyumbani amevunjika moyo. Aliyempokea ni Nyanya Eunice, na kazi ikaendelea pale ilipoachwa.

Fanny alipofika miaka minane au tisa, Mercy alihamia Ridgefield, Connecticut, kufuata kazi. Mama mwenye nyumba waliyokaa aliitwa Bi. Hawley, hakuwa na watoto, na alikuwa na Biblia. Mama huyu alikuwa akimsomea Fanny na kumkaririsha, hata sura tano kwa wiki. Kwa njia hiyo Fanny aliweka kichwani vitabu vya Musa, Injili zote nne, Mithali na Zaburi nyingi. Sisi tunaosahau ubeti wa tatu huku kitabu kiko mkononi, tumfikirie Bi. Hawley kidogo. Maana huko ndiko ilikotoka namna ya Fanny ya kutunga: alitunga wimbo wote moyoni, akaurekebisha humohumo, na wakati mwingine alibeba nyimbo nyingi kichwani kwa pamoja mpaka apatikane mtu wa kuziandika.

Nyanya Eunice alifariki Fanny akiwa bado msichana. Kabla ya kufa alimwita karibu, akamuuliza kama watakutana katika nyumba ya Baba mbinguni. Fanny aliitikia kwamba kwa neema ya Mungu watakutana. Lakini alijua moyoni kwamba jibu hilo hakuwa na hakika nalo, na swali lile lilimfuata miaka mingi.

Mwaka 1835, karibu kutimiza miaka 15, alijiunga na shule ya vipofu ya New York, akakaa huko kama mwanafunzi na kisha mwalimu hadi 1858. Hesabu zilimshinda kabisa na aliungama hivyo bila aibu. Mashairi yake yalipoanza kusifiwa, mkuu wa shule aliogopa kwamba sifa zingemharibu, akamkataza kutunga kwa muda. Ikatokea kwamba msomi mmoja Mskoti, George Combe, akatembelea shule, akapapasa kichwa chake kama walivyofanya wasomi wa aina yake siku hizo, na akawashauri walimu wamwache atunge. Elimu hiyo ya kupima vichwa ilikuwa ya kubahatisha, lakini ushauri ulikuwa mzuri. Hapo shuleni pia alikutana na mwalimu wa muziki George Root, ambaye waliandika pamoja nyimbo za kidunia zilizopendwa sana, na kijana karani Grover Cleveland aliyekuwa akimwandikia mashairi yake. Kijana huyo baadaye alikuwa Rais wa Marekani.

Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia New York. Fanny alibaki shuleni kusaidia kuuguza, na vifo alivyokuwa karibu navyo vilimrudisha kwenye swali la nyanya yake. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye mikutano ya uamsho katika kanisa moja la Kimethodisti. Mara mbili alijitokeza mbele akarudi bila amani. Mara ya tatu, tarehe 20 Novemba 1850, huku watu wakiimba, aliyakabidhi maisha yake kwa Bwana. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu Nyanya Eunice azikwe. Ndipo sasa angeweza kumjibu.

Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki kipofu na mpiga kinanda. Walipata mtoto mmoja, akafa angali mchanga. Fanny hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Lakini mwaka 1868, William Doane alipomjia na sauti mpya huku akiwa na treni ya kuwahi, Fanny alitunga kwa muda wa nusu saa hivi wimbo wa kuwa salama mikononi mwa Yesu, na wimbo huo umewafariji akina mama waliofiwa na watoto duniani kote.

Aliyemwingiza katika tenzi za kanisa ni William Bradbury, aliyetunga sauti ya Yesu Anipenda, wimbo wa watoto wetu. Walikutana mwaka 1864, Fanny akiwa na miaka 43. Hebu waimbaji wanaodhani wamechelewa kuanza waitazame hesabu hiyo. Kutoka hapo alitunga tenzi zaidi ya 8,000, nyingi kwa majina ya bandia, kwa malipo ya dola moja au mbili kila mmoja. Pesa nyingi aligawa, na mwenyewe aliishi miaka mingi katika vyumba vya mitaa ya maskini New York, akihudumu kwenye nyumba za misheni kwa walevi na wasio na makao. Usinipite Mwokozi, ya 1868, husimuliwa kwamba ilitokana na ibada ya gerezani, pale mfungwa mmoja alipopaza sauti kumwomba Bwana asimpite. Sauti ya Ndiyo Dhamana ilitungwa na rafiki yake Phoebe Knapp mwaka 1873. Knapp aliipiga, Fanny akasikiliza, akayatoa maneno.

Mercy aliishi hadi 1890 akiwa na miaka 91, akayasikia matunda ya mtoto aliyemwacha nyumbani ili aende kufanya kazi za watu. Nyanya Eunice hakusikia hata utenzi mmoja.

Fanny mwenyewe alifariki tarehe 12 Februari 1915 huko Bridgeport, Connecticut, akiwa na miaka 94. Alizikwa huko, na kwenye kaburi lake likawekwa jiwe dogo tu lenye jina ambalo watu wengi walimwita: Shangazi Fanny.