Rashidi Kawawa: mchezaji wa sinema aliyekuja kuwa waziri wa kwanza

Wazee wa huku Bunyakiri wanamjua Rashidi Mfaume Kawawa kama mkono wa kuume wa Mwalimu Nyerere. Mwaka 1965, wakati Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kwa siri kuingia Fizi, Kawawa alikuwa makamu wa pili wa rais wa Tanzania. Lakini mbele ya siasa, mzee huyu alikuwa nyota wa sinema.

Alizaliwa mwaka 1926 upande wa Songea, mtoto wa mwindaji wa tembo. Alisoma Tabora, kiisha akaingia kazi ya serikali ya Waingereza. Miaka ya 1950 serikali hiyo ilipatana na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza filme za Kiswahili, na Kawawa akapewa nafasi ya mbele. Iliyomtangaza ni Muhogo Mchungu, ya 1952: mtu wa kijiji anaingia Dar es Salaam, na mji unamkomesha. Alicheza pia katika Chalo Amerudi. Zilikuwa filme za kufundisha, ndiyo, lakini kuona Mwafrika akibeba mchezo mzima kwa Kiswahili lilikuwa jambo jipya kabisa.

Mwaka 1953 alitumwa Urambo, kati ya Wakikuyu waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau. Kiisha ikawa sendika, ikawa TANU, na januari 1962 Nyerere alipojiuzulu, Kawawa akawa waziri wa kwanza, hata miaka 40 hajafika.

Wanaoandika maisha yake wanaruka haraka ile miaka ya sinema. Mimi naona hapo njo alijifunza kusimama mbele ya watu. Na wanaokusanya filme za zamani wanaijua bei ya kitu kama hicho: za Kiswahili za wakati ule ni chache, na ni wapi tena utamkuta mchezaji aliyekuja kuongoza serikali?

Shida ni kwamba filme haingoji mtu. Joto na unyevu vinaikula, inajikunja, inatoa harufu ya siki, picha zinakwenda. Kawawa alikufa Dar es Salaam tarehe 31 desemba 2009.

Mapadri weupe nao walipiga filme Bukavu miaka ileile. Kama kuna kopo la zamani limebaki kwenye stoo ya parokia yenu, liwekeni pakavu, mbali na jua, na mtuambie hapa redioni.